Toleo la Nne Halina Mizani

Habari ya toleo jipya aliileta mama mkwe mwenyewe, Jumapili saa tisa mchana, ameishika kwa mikono miwili kama hati ya mashtaka. Zilikuwa karatasi thelathini na mbili, zimebanwa pini kwenye kona. Akaziweka mezani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Ufalme wa Chini, Toleo la Nne," akasema. "Linatoka baada ya miezi mitatu. Hizi kurasa wamezitoa mapema ili wachezaji tutoe maoni. Kaeni vizuri niwasomee."

Kukaa vizuri pale mezani halikuwa jambo dogo. Fundi mizani, ambaye ndiye mkwe wa nyumba ile, alikuwa na kilo thelathini na nne za mawe ya chuma mapajani. Shemeji yake, mwalimu wa udereva, alikuwa na kilo ishirini na mbili: kumi paja la kulia, kumi paja la kushoto, na mbili kwenye mfuko wa shati, uliokuwa umeshuka mpaka usawa wa kitovu. Bi Sindano, mshonaji wa nyumba ya pili, alining'iniza kilo kumi na moja shingoni kwenye mfuko wa turubai, na kila akitaka kukohoa alilazimika kuushika kwanza.

Asiyeujua mchezo huu aelezwe. Ufalme wa Chini hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, amemwandika kwenye daftari, kazi yake, nguvu zake na vitu alivyobeba. Msimamizi anasimulia: mmefika pangoni, kuna joka mbele yenu, mnafanyaje? Mchezaji anasema anachofanya, anarusha dadu yenye pande ishirini, na dadu inaamua kama amefaulu au amejitia aibu. Basi. Unachezwa hivyo kila mahali, watu wamekaa kwenye viti na mapaja yao hayana kitu.

Ila nyumba hii. Miaka kumi na minne nyuma, fundi akiwa ndiyo kwanza ameoa, alikuwa anaruhusiwa kukaa pembeni ya friji na kutazama tu. Ile ilikuwa familia ya maneno. Mama mkwe alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Mwanawe anafundisha udereva, kazi ya kuongea kutwa nzima bila kupumua. Fundi aliacha shule mapema akaenda kushika bisibisi, na kwa watu hawa alikuwa akifungua mdomo, anaufunga. Lakini Jumapili moja shemeji alimtangaza shujaa wake kuwa anasafiri na panga tisa, ngazi ya chuma, fuawe ya mhunzi na mtumbwi.

"Vyote hivyo amevibeba wapi?" fundi akauliza kutoka kule kwenye friji.

"Mgongoni."

"Kilo ngapi?"

"Shemeji, wewe huchezi. Unaingiliaje?"

Fundi alitoka, akaenda karakana kwake mtaa wa pili, akarudi anasukuma mkokoteni wenye mizani kubwa ya kupimia magunia na kasha la mawe ya mizani. Akayapanga mapajani mwa shemeji jiwe baada ya jiwe. Upanga wa tatu shemeji alikuwa bado anacheka. Kwenye ngazi akanyamaza. Kwenye fuawe akaomba maji. Mtumbwi hawakufika.

Mama mkwe, mtu aliyeishi maisha yake yote na vielelezo vya ushahidi, aliangalia yale mawe kwa muda mrefu. "Hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana," akasema. Tangu siku hiyo ikawa sheria: anachobeba mtu wako, unakibeba wewe. Na fundi akapewa kiti.

Akachagua kuwa Mchukuzi, kazi ambayo kitabu kiliieleza kwa mistari minne. Mchukuzi haongei. Anabeba. Akamwita mtu wake Punda, na kwa miaka kumi na minne Punda akabeba mahema, vyungu, majeruhi, na mara moja maiti ya mfalme kutoka ghorofa ya chini mpaka ya juu, kazi ambayo fundi aliikalia wiki tatu na ikamwachia alama za mawe mapajani mpaka mkewe akauliza.

Kitu kimoja walikisahau. Kadiri miaka ilivyokwenda, walisahau kwamba sheria ile waliitunga wenyewe. Hawakuwahi kukutana na wachezaji wengine. Walidhani dunia nzima inacheza na vyuma mapajani.

Ndiyo maana mama mkwe alipofika ukurasa wa saba, hakuna aliyeshangaa kwa sababu sahihi.

"Uzito wa mizigo hautahesabiwa tena," akasoma. "Wachezaji wengi wametueleza kwamba ni usumbufu unaowachosha na kuwaharibia starehe."

"Eeh!" Bi Sindano akapiga meza. "Kumbe si mimi peke yangu! Watu wanaumia huko duniani, dada. Magoti yameisha. Nimesema humu ndani mara ngapi?"

"Umesema," mama mkwe akakubali. "Imo kwenye kumbukumbu." Akaendelea. "Badala yake kila mhusika ataanza safari akiwa na Mfuko Usiojaa, unaoweza kubeba kitu chochote cha ukubwa wowote. Kwa hiyo kazi ya Mchukuzi imeondolewa."

Akainua macho juu ya miwani. Wote wakamtazama fundi. Fundi alitazama mawe yake.

"Imeondolewa kwenda wapi?" akauliza.

"Imeondolewa tu, baba."

"Na Punda?"

"Kitabu hakijasema."

Shemeji akatoa jiwe la kilo mbili mfukoni, akaliweka mezani kwa heshima kama mtu anayekabidhi silaha. "Shemeji, usichukulie vibaya. Mimi nakupenda. Lakini kifua changu kimejifunza kukaa upande. Wanafunzi wangu wanadhani natazama kioo cha pembeni muda wote."

Hata hivyo furaha yake haikufika ukurasa wa kumi na tano. Huko ilisemwa kwamba farasi sasa watakuja wakipigiwa mluzi, na watakwenda wenyewe wanakotakiwa.

"Wenyewe?" shemeji akanyakua karatasi. "Na sura ya kugeuza gari la farasi kwenye njia nyembamba? Kurasa kumi na mbili! Kurudi nyuma kwenye mteremko! Nani anatazama kulia kabla ya kuingia barabarani?"

"Farasi," mama mkwe akasema.

"Farasi hana leseni, mama!"

Bi Sindano alicheka, akaja kunyamaza alipoona picha. Shujaa wa kike amesimama juu ya mwamba na upanga, nguo imemshika hapa, imemwachia pale. Aliigeuza karatasi, akaitazama juu chini, akaisogeza dirishani.

"Hii nguo imefungwa na nini?" akauliza. "Sioni kifungo. Sioni zipu. Hakuna mshono. Akiinua mkono tu kumpiga joka, joka litaona yote." Halafu akasoma maneno ya chini yake: nguo za wahusika hazichakai tena. Mtu wake kwenye mchezo alikuwa mshonaji wa msafara. Akairudisha karatasi mezani, huku kilo kumi na moja zikimvuta shingo.

Mama mkwe naye, ambaye ndiye msimamizi wa meza ile, alikuwa na lake. Maandishi makubwa yalimfurahisha, alikuwa anasoma bila kufinya macho. Ila majoka. "Wanasema majoka sasa wana sababu zao," akasema kwa uchungu. "Wamenyanyaswa utotoni. Inabidi msimamizi aieleze sababu kabla joka halijamla mtu. Mimi nimewaua humu ndani miaka kumi na minne bila sababu yoyote, na hakuna aliyelalamika."

"Tulifurahi sana, mama," shemeji akamhakikishia.

Mwisho ilikuwa fomu ya maoni. Kwa kipimo cha moja hadi tano, umelifurahia toleo jipya kiasi gani?

"Tano nini?" fundi akauliza.

"Tano tu."

"Tano kilo? Tano gramu?"

"Tano furaha, shemeji."

"Furaha inapimwa kwa nini?"

"Kwa moja hadi tano!"

Fundi alitikisa kichwa. Akiletewa mizani ya namna hiyo karakana, angeirudisha pamoja na mwenyewe.

Mama mkwe akatoa uamuzi kama alivyozoea kuusikia ukitolewa. Jumapili inayofuata wangecheza siku moja kwa kurasa hizi mpya, bila mawe. Baadaye kila mtu angesema ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, nyumba ingehamia Toleo la Nne, na fundi angechukua mizani yake na mawe yake arudi navyo karakana.

Hakusema kwamba fundi naye asirudi tena mezani. Lakini fundi alisikia hivyo.

*

"Si uchague mtu mwingine?" mkewe akamwambia siku mbili baadaye, akipiga pasi. Yeye hakucheza mchezo ule. Alikulia nao chumba cha pili akaona inatosha. "Kuna wachawi, kuna mashujaa, kuna nini sijui."

"Wote wanaongea."

"Na wewe ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote! Kaka yangu anaongea nini cha maana?"

Fundi alifikiri. "Yeye hajali."

Mkewe akaweka pasi chini, akamtazama mume wake vizuri. Alijua. Siku nyingine zote za wiki mumewe alikuwa mtu wa "ndiyo mama, hapana mama" mbele ya mama yake, anaingia na kutoka kama fundi wa bomba. Jumapili tu ndiyo mama yake alimwambia, "Mkwe, nipe kilo nane za nyoka," na mumewe akampa, na wote wawili wakaridhika. Huo ndio ulikuwa ukwe wao. Hawakuwa na mwingine.

"Jaribu," akamwambia.

Akajaribu. Kesho yake karakana, mbele ya mizani ya watoto wachanga ya zahanati aliyokuwa ameshaitengeneza, fundi alisimama wima, akainua mkono wenye bisibisi, akajikaza kisabuni na kusema kwa sauti: "Enyi pepo wa mashariki, njooni mnisikie!"

"Fundi," muuguzi akasema kutoka mlangoni. "Imepona?"

"Imepona."

Muuguzi aliipokea, akatoka nayo kinyumenyume.

*

Jumapili fundi alifika na mkokoteni mtupu wa kupakia mizani, akauegesha nje ya mlango. Hakutaka kurudi mara ya pili.

Ndani hali ilikuwa ya ajabu. Hakuna aliyejua afanye nini na mapaja yake. Shemeji kila dakika alijikuta amesimama bila kukusudia, kama kizibo kwenye ndoo ya maji. Bi Sindano alikohoa, mkono ukaenda kifuani kushika mfuko usiokuwepo, akaona aibu. Shingo yake ilikuwa imerefuka kidogo, au wote walifikiri hivyo.

"Kazi mpya zinagawiwa kwa dadu," mama mkwe akasema. Shemeji akatoka Shujaa, kama kawaida. Bi Sindano akatoka Mwindaji. Fundi akarusha, dadu ikaviringika mpaka kwenye sukari, ikasimama kwenye tisa.

Mama mkwe akafuata mstari kwa kidole. "Tisa. Mjumbe. Hapigani, habebi, hawindi. Kazi yake ni kusema."

Shemeji akaangua kicheko, akaziba mdomo. "Samahani shemeji. Samahani. Lakini dadu ina roho mbaya!"

Fundi akaandika MJUMBE kwa herufi kubwa, ili nafasi iishe.

Wakaanza. Wamefika kwenye mlango wa ngome, umefungwa kwa kufuli saba. Zamani mlango kama ule ungewachukua Jumapili mbili.

"Nautia kwenye mfuko," shemeji akasema.

"Unatia nini?"

"Mlango."

Mama mkwe akageuza kurasa, akarudi, akageuza tena. Alikuwa mtu wa maandishi. Kitu kikiandikwa kimeandikwa. "Kitu chochote cha ukubwa wowote," akasoma polepole. "Haya. Mlango umo mfukoni."

Ndiyo wakafunguka akili. Bi Sindano akatia mfukoni ngazi za ngome, kisha ngome. Shemeji akatia joka, kabla mama mkwe hajamaliza kueleza utoto wake. Likaja jeshi, jeshi likaingia mfukoni na farasi wake. Bi Sindano akaona wingu la mvua linaelekea kwenye kijiji, akakitia kijiji mfukoni kisilowe, halafu akatia na wingu. Shemeji akatia mlima kwa sababu ulikuwa mbele. Bahari ilipobaki peke yake waliionea huruma, nayo wakaitia.

"Sasa mfuko wangu nautia kwenye mfuko wake," shemeji akasema, "na wa kwake kwenye wangu."

"Sitaki," Bi Sindano akasema. "Hapo ntakuwa mimi niko wapi?"

Dakika arobaini hazijaisha, Ufalme wa Chini wote, wenye falme ndogo sita na ramani iliyochorwa kwa mkono na mama mkwe kwa rangi nne, ulikuwa umo ndani ya mifuko miwili. Kilichobaki kilikuwa uwanda mtupu na kiti kimoja, na juu ya kiti Malkia wa Giza.

"Natia kiti," shemeji akasema.

"Kiti kilichokaliwa hakitiwi," mama mkwe akasoma. "Ukurasa wa ishirini na mbili. Na Malkia haguswi wala hapigwi. Anayeweza kumfikia ni Mjumbe peke yake, kwa maneno." Akaweka karatasi chini. "Mjumbe."

Friji ikaguruma, ikaacha. Fundi akasogeza kiti.

"Samahani mama—"

"Mimi si mama yako. Mimi ni Malkia wa Giza."

"Samahani mama Malkia wa Giza."

"Umetaka nini kwangu?"

Shemeji alikuwa anauma kola ya shati asicheke. Fundi alitazama daftari, halikuwa na kitu zaidi ya neno lake moja. Akatazama mikono yake. Halafu akasema kitu pekee alichokiona pale.

"Nimekuja kukuambia ufalme wako umechukuliwa na watu wasiojua wamechukua nini. Muulize huyu. Muulize mlima una kilo ngapi."

Malkia akamgeukia Shujaa. "Una kilo ngapi?"

"Toleo la Nne halihesabu uzito," shemeji akajibu, ameshika kiuno.

"Halihesabu kwa mchezaji," fundi akasema. "Ukurasa wa saba umesema wachezaji wasisumbuliwe. Malkia siye mchezaji. Malkia ameporwa. Mtu akiporwa lazima aulizwe kilichopotea ni kiasi gani."

Mama mkwe alinyoosha mgongo. Miaka thelathini ya mahakama ilimpita usoni. Lakini akasukuma dadu. "Hoja imesikika. Rusha. Kumi na tano kwenda juu, Malkia amekubali."

Fundi akarusha. Tatu.

"Tatu," mama mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo. "Malkia hajakubali. Mjumbe anaondoka."

Fundi akasimama. Alikuwa na hakika kabisa anakwenda kwenye mizani kuifungua skrubu na kuipakia. Miguu ilikuwa tayari. Mdomo ndio ukakataa.

"Naondoka, lakini nitasema langu," akasema. "Mama, mimi hapa nilipewa kiti kwa sababu ya mawe. Mawe yakitoka na mimi nimetoka. Sijanuna, ndivyo ilivyo. Maandishi makubwa ni mazuri. Magoti ya Bi Sindano yana haki ya kupona. Shemeji ajifunze kukaa wima, amekuwa kama ndoano. Toleo si baya. Ila mimi sina pa kukaa humo ndani. Nyinyi mnajua kuongea. Mimi nikikaa hapa bila uzito nitakuwa mtu wa pembeni ya friji tena, na mimi ile friji nimeichoka."

Hakuna aliyecheka. Bi Sindano alikuwa ameshika shingo yake.

"Hayo," mama mkwe akauliza taratibu, "unamwambia Malkia au unaniambia mimi?"

"Yeyote anayesikia."

Mama mkwe akavuta zile karatasi. Akapekua kwa haraka ambayo hawakuwahi kuiona, kidole kikashuka, kikasimama. "Ukurasa wa ishirini na tatu. Mjumbe akisema jambo ambalo Malkia hakulitarajia, hurusha tena." Akavua miwani. "Miaka kumi na minne, mkwe, sijawahi kukusikia ukisema sentensi tatu mfululizo. Hapa nimehesabu kumi na kitu. Sikutarajia. Rusha."

"Mama, huo ni upendeleo!" shemeji akapiga kelele. "Unampendelea mkwe!"

"Nyamaza wewe, umebeba mlima wangu."

Fundi akarusha amesimama. Dadu ikagonga kikombe, ikazunguka, ikakaa. Kumi na saba.

"Malkia amekubali," mama mkwe akasema, na sasa ilikuwa sauti ya Malkia, nene, ya kutoka tumboni. "Kila kilichomo kwenye mifuko hiyo kitolewe na kipimwe. Kipimwe chote. Mpaka jani la mwisho. Na kwa kuwa wezi hawaaminiki, atakayepima ni Mjumbe. Mjumbe, unaanzia wapi?"

"Mlima," fundi akasema bila kufikiri. "Ni wa jiwe gani?"

"Jeusi."

"Gumu au la matundu?"

Mama mkwe alisita. Hakuwahi kuulizwa. "Matundu... juu. Chini gumu."

"Basi tuukate pande mbili. Bahari ina chumvi? Chumvi inaongeza. Na kijiji, tunapima watu wamevaa au hawajavaa?"

"Wamevaa, hii ni familia ya heshima!" Bi Sindano akasema, na tayari alikuwa amechukua kalamu. "Ngoja. Mkulima mmoja, suruali ya kitambaa kizito, shati, na mshono wangu... gramu mia tisa. Wanawake weka kilo moja na nusu, mimi huwa siwabanii kitambaa. Dada, kijiji kina wanawake wangapi?"

"Mia nne na sita."

"Hao ni kilo mia sita na tisa za nguo peke yake! Na nguo za Toleo la Nne hazichakai, kwa hiyo uzito haupungui. Afadhali. Hilo limekaa vizuri."

Shemeji alijaribu kununa, hakuweza. "Mtakosea magari ya farasi," akasema. "Huwezi kupima gari zima kwa pamoja. Unapima ekseli ya mbele, unapima ya nyuma. Mtu asiyejua hilo hata leseni ya pikipiki simpi." Akavuta kiti karibu. Alikuwa amekaa wima kuliko siku zote. "Na lazima mtu aliongoze likipanda kwenye mizani. Farasi akijiendea mwenyewe ataliacha gurudumu nje. Shemeji, andika: dereva anahitajika."

Fundi akaandika. Aliandika na kuuliza, akauliza na kuandika. Alimuuliza Malkia kama lile joka lilikula kabla ya kukamatwa. Alimuuliza kama wingu lilikuwa limeshanyesha sehemu. Mama mkwe alijibu kila swali, na alipokuwa hana jibu alibuni papo hapo akaligongea meza. Mkewe fundi alikuja mlangoni akiwa na chai, akasimama. Sauti aliyokuwa anaisikia, akaitambua, ilikuwa ya mume wake, na ilikuwa haijanyamaza tangu alipowasha jiko.

"Sasa tunahamia toleo jipya au hatuhamii?" shemeji akauliza katikati ya mambo. "Fomu inasubiri."

"Tutahama tukishajua tunahama na kilo ngapi," mama mkwe akamkata. "Mjumbe, endelea. Kimebaki nini?"

Fundi akapitisha kalamu juu ya orodha. Mlima, bahari, jeshi, ngome, joka, kijiji, wingu. Kila kitu kilikuwa na mstari wake, hata vile ambavyo vingechukua miezi. Akafika chini, akaona kilichobaki, akaiweka kalamu mezani.

"Ufalme wote nimeuorodhesha," akasema. "Kimebaki... juu ya kiti."

Shemeji alielewa kabla ya wote. "Usithubutu," akanong'ona. "Shemeji, nakuomba. Dada yangu bado anakupenda."

"Malkia alisema chote," fundi akasema. "Mpaka jani la mwisho. Samahani mama. Samahani sana. Malkia ana kilo ngapi?"

Trei ya chai ikatetemeka mlangoni. Bi Sindano akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mama mkwe alimtazama mkwe wake kwa muda wa kutosha mtu kusomewa hukumu. Kisha akasukuma kiti nyuma, akainuka, akaenda kwenye mizani ya magunia iliyokuwa pembeni ya friji, akapanda juu ya bati lake, mkono mmoja umeegemea friji.

"Mama," fundi akasema, "ukishika friji haipimi sawasawa."

Akaachia. Mshale ukapanda, ukapita, ukarudi, ukatulia. Fundi akainama. Shemeji nyuma yake alikuwa anaomba kwa sauti ndogo, "Punguza, shemeji, punguza hata tatu, nani atajua," lakini fundi hakuwa amewahi kumpunguzia mtu hata gramu moja, na hakujua pa kuanzia.

"Themanini na saba na robo," akatangaza.

"Na viatu?" mama mkwe akauliza.

"Na viatu."

"Na taji?"

Fundi akatazama juu. "Taji halipo, mama."

"Malkia hapimwi bila taji. Unataka kumbukumbu ziwe na kasoro? Tafuta kitu cha uzito huo."

"Lilikuwa taji la nini, mama? Dhahabu tupu au dhahabu ya kupaka?"

"Tupu. Na vito vitano."

"Vikubwa?"

"Mkwe, mimi ni Malkia wa Giza. Vito vyangu vinaweza kuwa vidogo?"

Wakakimbilia jikoni wote watatu. Sufuria ya kwanza ilikuwa nyepesi, fundi aliijua kwa mkono tu. Ya pili ilikuwa ndogo, ingemkaa kama kikombe. Bi Sindano akaibuka na ile nene ya chini ya kabati, ya mishikio miwili, shemeji akapendekeza watie na vijiko vitano kwa ajili ya vito, na fundi akaipima kwa viganja, akaongeza kijiko cha sita, akakitoa. Akaileta sebuleni polepole, ameibeba kwa mikono miwili. Mama mkwe akainamisha shingo. Fundi akamvika, akaiweka sawa upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua moja, akainama kusoma mshale.

"Usipumue, mama," akasema.